Madishi ya Gubikia

Nchi ya Gubikia imelala bondeni kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni: imeloa, imekunjamana, na rangi yake hata mwenye nguo asingeitambua. Juu ya bonde upo mlima mmoja uitwao Kilele, juu ya Kilele lipo Kasri, ndani ya Kasri kipo kiti, na juu ya kiti hicho, katika enzi zinazosimuliwa hapa, alikaa Mtukufu Ndimi, akisema.

Hakuwa akisema jambo fulani. Alikuwa akisema tu. Alisema tangu alipoamka mpaka alipolala, kuhusu uzalendo, kuhusu meno ya ng'ombe wake, kuhusu namna bora ya kukunja mwavuli. Na alipolala, kamera ziliendelea kurusha mkoromo wake, nao wataalamu wa Kasri wakauchambua na kuthibitisha kwamba ulikuwa na dira. Sauti hiyo ilipanda mpaka kwenye setilaiti, ikateremka kwenye madishi yaliyosimama juu ya kila bati, yote yakiwa yametazama pembe moja ya mbingu kama alizeti zilizodanganywa kwamba jua liko huko.

Sheria ya nchi ilikuwa fupi, maana aliyeitunga hakupenda wengine waseme sana. Televisheni isizimwe. Na pale Mtukufu anapoonekana, asiseme mwingine. Askari walioitwa masikio walipita madirishani wakisikiliza, na aliyekamatwa akinong'ona alipelekwa Kilele kupiga makofi ukumbini. Baadhi walirudi viganja vimechunika. Wengine inasemekana bado wanashangilia.

Ilibaki mvua. Wingu zito lilipotanda, uso wa Mtukufu ulianza kukatikakatika, pua ikahamia shavuni, mdomo ukaganda wazi, kisha kioo kikajaa chenga. Sheria haikuwa na la kusema juu ya chenga. Basi mambo yote ya Gubikia yaliwekwa akiba yakingoja mawingu: posa, ugomvi, radhi, hata umbea. Tone la kwanza lilipogonga bati, nchi nzima ilifumuka.

"We Majaliwa, juzi sokoni ulinitukana kwa vidole, nilikuona!"

"Vidole vyangu vilikuwa vinauliza bei ya dagaa, dada!"

"Kile kidole hakiulizi bei!"

Katika mvua moja ya namna hiyo, binti aitwaye Mwavita alimwambia baba yake, Mzee Shangama, fundi viatu, jambo alilolibeba kiangazi kizima.

"Baba, nimepata mchumba."

"Alhamdulillahi. Mtoto wa nani?"

Mwavita akatazama chenga. "Ni askari, baba. Ni sikio."

Mzee akaweka chini kiatu alichokuwa akikishona. "Anayebandika sikio madirishani pa watu? Na ndugu yangu alipelekwa kupiga makofi na nani, Mwavita? Na mbayuwayu?"

"Siye yeye aliyempeleka, baba."

"Sikio ni lile lile moja!"

"Baba Mwavita, punguza," alisema Bi Tungo, mkewe. "Mvua yenyewe inapungua."

"Ipungue! Nasema kuanzia leo, wewe si..."

Mvua ikakatika. Pua ikarudi mahali pake, mdomo ukaungana, na Mtukufu Ndimi akaendelea kueleza jinsi ndizi inavyomenywa na mtu mwenye maono. Mzee Shangama alibaki mdomo wazi, akaufunga. Mwavita akabaki na nusu ya sentensi mikononi, hajui aiweke wapi.

Mvua hiyo hiyo ilinyesha Kilele pia, na ndiyo iliyompa nafasi Bwana Kiluza, Waziri wa Mng'ao, amweleze mkuu wake yaliyopelelezwa.

"Mtukufu, wananchi wanaomba dua za mvua."

"Kwa ajili ya mazao."

"Mazao yanaoza, Mtukufu. Bado wanaiomba."

Mtukufu alikunja uso, maana alikuwa mtu wa wivu na hakuwa amezoea mpinzani asiye na nyumba ya kuchoma. "Mvua ina nini ambacho mimi sina?"

"Mvua huisha, Mtukufu."

Neno hilo lilimtoka Kiluza kabla hajalikagua, na ili kuokoa viganja vyake akaharakisha kutoa wazo. Setilaiti huzibwa na mawingu. Waya hauzibwi na kitu. Ukichimbiwa ardhini kutoka Kasri hadi kila sebule, Mtukufu hatakatika milele.

Waya ukaja, mweusi, mnene, bure kabisa, na watu wakaupokea kwa vigelegele vya mikono. Picha ilikuwa safi hata vinywele vya pua ya Mtukufu viliweza kupewa majina. Madishi yakashushwa, hakuna aliyeyapiga marufuku, kwani nani angetaka kurudia chenga? Yakawa mabeseni ya kufulia, vitanda vya bata, vyombo vya kuanikia muhogo.

Kisha mvua ikanyesha. Watu walikaa mbele ya vioo vyao, vifua vimejaa maneno, wakingoja pua ihame. Haikuhama. Radi ilipiga, bati likanguruma, na Mtukufu, mkavu kama mkate wa juzi, akaendelea kusifu ng'ombe wake. Jioni ilipoingia watu walimeza walichokuwa nacho wakaenda kulala.

Tangu hapo Gubikia ilianza kuoza kwa ndani. Mabwana harusi walizeeka wakiwa wachumba. Waliogombana hawakupatana, maana ugomvi wenyewe haukuweza kumalizwa. Watoto walijifunza kuzungumza kutoka kwenye kioo, na walipopata homa walipayuka habari za mwavuli. Mwavita hakuolewa. Sikio lilihamishiwa bonde la pili, naye hakulifuata, kwa kuwa hakujua bado ni binti wa nani.

Mzee Shangama akaugua kifua, akawa wa kitandani. Siku masika yalipofunguka, mchana, mbingu ikiwa nyeusi kama sufuria ya msiba, Mwavita aliona midomo ya baba yake inatetemeka na macho yake yanakwenda kwenye kioo, yanarudi kwake, yanakwenda tena. Alielewa kwamba ile nusu ya pili ingezikwa naye. Alikuwa tayari kulisikia neno lolote, hata baya, ila si kulikosa.

Akatoka uani. Akamwaga muhogo uliokuwa kwenye dishi, akalibeba kichwani, akapanda ngazi. Bi Tungo alimfuata na waya wa zamani kiunoni, akamshikia ngazi kwa mikono miwili huku mvua ikimpiga usoni. Mwavita akalifunga dishi kwenye nondo yake yenye kutu, akaligeuza kwenye ile pembe ya mbingu, akashuka, akachomoa waya mweusi nyuma ya televisheni, akachomeka ule wa dishi. Hakuzima kitu. Sheria ilisema televisheni isizimwe. Haikusema picha ipite njia gani.

Chenga.

Bati lilinguruma hata televisheni ya jirani haikusikika. Mwavita akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba. Malizia."

Mzee alikohoa, akatafuta sauti aliyokuwa hajaitumia siku nyingi. "Nilitaka kusema wewe si mwanangu. Ndivyo nilivyotaka."

"Sawa, baba."

"Nyamaza, sijafika. Yule mpumbavu na ndizi yake akanikatiza. Ni mara moja tu katika maisha yake amenifaa, na hajui." Akapumua. "Neno lile limenichachia mdomoni, Mwavita. Nimelitema. Wewe ni wangu, na kichwa kigumu hicho umekitoa kwangu."

"Na mimi je?" akasema Bi Tungo, analia na nguo zinamchuruzika. "Mie sina kichwa?"

"Wewe una mdomo. Mungu anajua nilivyoukumbuka."

Waliongea. Mzee alifariki mvua ikiwa bado inanyesha, katikati ya habari ya kiatu cha mteja ambacho hakikulipiwa, na Mwavita na mama yake wakalia kwa sauti, kilio kamili, chenye jina la marehemu ndani yake.

Majirani hawakuwa wamesikia kilio cha namna hiyo tangu waya uje. Walitoka mvuani, wakatazama juu ya bati la Shangama, wakatazamana. Kisha bata mmoja akafukuzwa kitandani mwake. Kisha nguo za mtu zikamwagwa uani.

Huko Kilele, Kiluza alisimama mbele ya ubao wa taa, kila taa nyumba moja, akaziona zinazimika, mtaa baada ya mtaa. Akakimbilia ukumbini. Mtukufu Ndimi alikuwa akisema, na Mtukufu anaposema hasemi mwingine. Kiluza akapunga mikono. Mtukufu akafurahi, akamtaja kuwa mfano wa kijana mchangamfu. Kiluza akaandika karatasi. Mtukufu akaipokea, akadhani ni shairi la sifa, akafutia jasho. Maji ya mvua yalikuwa yameanza kupenya chini ya mlango, ya rangi ya udongo, yakiwafunika viatu wapiga makofi, ambao waliendelea kupiga huku wakiyatazama. Wote waliyaona. Hakuna aliyesema.

Mtukufu alipohisi ubaridi miguuni, alivuta miguu juu ya kiti, akaikunja chini yake vizuri, na akaanza mada mpya.