Kura za Halua

Punda wa Bwana Shekue alioga kabla ya mtoto wa Mejumaa. Hilo ndilo lililomchoma. Bomba la kichochoro chao cha Mji wa Kale lilikuwa moja, lina kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Bwana Shekue, mwenyekiti. Asubuhi yalijazwa kwanza mapipa ya nyumbani kwake, kisha punda akasuguliwa hata masikio, ndipo wanawake wakaitwa. Jua lishapanda, na mtoto mgongo mzima harara, amelia mpaka sauti imekauka.

"Si mlinichagua wenyewe?" Bwana Shekue husema. "Demokrasia hiyo!"

Neno alilipata kwenye redio wakati wa vita. Hata gavana alilisifu, naye hakuchaguliwa hata na paka.

Uchaguzi ulikuwa kila mwaka baada ya Idi, ukumbini kwake. Wapiga kura ni wanawake wenye ndoo. Sinia ya halua hupitishwa: anayemtaka mwenyekiti ale, asiyemtaka aiache. Basi muungwana gani ataingia nyumba ya mtu akatae halua yake, tena sukari ni ya mgao? Walikula, wakalamba vidole, wakatoka wakimtukana.

"Mwaka huu siili," Mejumaa alimwambia Hawabai, jirani yake, mama wa Kihindi aliyemfunza kushona.

"Ukatae mbele ya uso wake? Watamsema mama yako mpaka kaburini."

"Nitafunga. Nina deni la Ramadhani, huyu nilikuwa namnyonyesha. Sasa ala uji. Aliyefunga halazimishwi."

Hawabai alicheka hata tambuu ikampalia. "Mwanangu wee! Mwanamke gani hana siku za kulipa? Na mwanamume gani atauliza kwa nini?"

Habari ikapita ndoo kwa ndoo.

Siku ilipofika, baada ya alasiri, sinia ilianza safari.

"Nimefunga, Bwana."

"Nami nalipa."

"Mimi nafunga Sita ya Shawali," alisema Hawabai. "Kwa umri huu sina la kulipa."

Bwana Shekue alifumbua kinywa aulize, akaishia kutazama boriti za dari. Nzi tu ndio waliopiga kura.

"Kula wewe!" alimfokea mkewe.

"Mimi pia nalipa," mkewe akajibu, akatazama kando.

Bwana Shekue akanyoosha mkono ale mwenyewe.

"Huna ndoo, Bwana," Hawabai akamkumbusha.

"Basi tutangoja magharibi! Mtafuturu kwa halua yangu."

Wakangoja. Adhana ilipolia, Mejumaa alifungua kitambaa cha tende, zikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeigusa sinia, wala aliyeinuka.

"Haya, kaswalini!"

"Ufunguo kwanza, Bwana," Mejumaa alisema. "Magharibi wakati wake mfupi. Ikitupita, utaibeba wewe dhambi ya wote hawa?"

Nje giza lilikuwa likija mbio. Bwana Shekue akauvua ufunguo polepole, kama mtu anayejing'oa jino, akamkabidhi Mejumaa.

"Nawe ukiuzoea huo," Hawabai alimnong'oneza Mejumaa mlangoni, "tutafunga tena."

Alfajiri mtoto aliogeshwa, akapiga maji makofi akicheka. Punda alipanga foleni nyuma kabisa, wala hakunung'unika. Yeye hakuwa amegombea.