Simu Ndani ya Sufuria

Umeme ulikatika jioni, ndiyo maana mlio ule ulisikika nyumba nzima: kifuniko cha sufuria kikitetemeka jikoni, trrr, kikatulia, kisha trrr tena. Hakukuwa na kitu motoni. Ndani ya sufuria kulikuwa na simu.

"Simu ya Baba inachemka," binti yao alisema gizani. Walimwita Kasuku, kwa sababu hakuna alichokiona au kukisikia kikabaki kinywani mwake.

Baba Kasuku alikuwa mwandishi wa kamati ya bunge inayoikagua idara ya usalama. Miezi hiyo kamati ilikuwa ikichunguza kama idara inakusanya simu na ujumbe wa raia bila kibali cha mahakama. Kwenye chumba cha kikao hakuna aliyeingia na simu. Zote, za waheshimiwa na za waandishi, ziliachwa nje kwenye kopo la biskuti. Alizoea hivyo mpaka akauhamishia nyumbani mtindo huo: akifika tu, simu sufuriani, kifuniko juu. Alikuwa ameapa kutosema ya kikaoni, na kweli hakusema.

Mkewe, fundi cherehani aliyekuwa akisoma masomo ya jioni, angeyavumilia yote hayo kama anayepiga asingekuwa yuleyule kila siku. Mwenyekiti. Na Mwenyekiti alikuwa mwanamke.

Aliwahi kumsikia redioni. Sauti imetulia, haina haraka na mtu. Alisema raia ana haki ya kujua ni nani anamsikiliza, na Baba Kasuku akaacha kula, kijiko kikabaki hewani. Mke alikiona kile kijiko. Juzi yake alikuwa amemsomea mumewe insha yake ya darasani, na kijiko hakikusimama hata kidogo.

Tangu hapo yule mama akahamia kichwani mwake. Je, ni mrefu? Anajipulizia manukato gani? Akiwa kwenye cherehani alimshonea gauni la mawazo, akalibana makwapani makusudi.

Binamu yake, fundi wa simu mwenye kibanda pale kona, ndiye aliyemwambia kwamba wivu unamkondesha bure wakati dawa ipo. Angeweka kitu kidogo kwenye simu ya shemeji, na kila ujumbe ungefika na kwake. Basi Jumamosi, mume akiwa anaoga, binamu akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Kasuku alisimama anatazama, kidole mdomoni. Maji yalipoacha kumwagika bafuni, simu ilikuwa imesharudi sufuriani.

Mke akawa anasoma ujumbe huo kwenye simu yake, chini ya meza ya cherehani. Mwanzoni yalikuwa makavu: kurasa, vikao, nani amechelewa. Halafu akakuta mumewe ameomba ruhusa ya kutoka mapema Jumanne, kwa kuwa mke wangu ana mtihani na sitaki ahangaike na mtoto. Jibu la Mwenyekiti likasema: toka, mwambie namtakia heri, nami nilisoma jioni na mtoto mgongoni.

Alitegemea moyo utulie. Haukutulia. Kumbe mume anajua kusema "mke wangu" kwa upole namna ile, ila anampelekea mwingine. Na yule mama angalau angekuwa mbaya, mtu ajue pa kumchukia.

Kesho yake alipita kibandani kwa binamu. Akamkuta anacheka peke yake.

"Dada, shemeji yangu mzito," binamu alisema. "Alhamisi wanamwingiza shahidi kwa mlango wa nyuma. Mtu wa idara yenyewe."

Ujumbe ule mke naye alikuwa ameuona. Hakumwambia mtu.

"Umejuaje?"

"Mtambo niweke mimi, halafu nisione?" Akaendelea kufuta kioo cha simu ya mteja. "Usiogope. Sijamwambia mtu. Bado."

Alimwomba aufute, na binamu akasema haya, nimefuta, bila hata kunyanyua macho. Nani angejua kama amefuta kweli? Aliyefungua mlango ni yeye, na sasa nyumbani mwake kulikuwa na msikilizaji asiye na mtu wa kumkagua. Na huko mjini kulikuwa na mtu asiyemjua, mwenye watoto labda, ambaye Alhamisi angeingia kwa mlango ambao si siri tena.

Alimweleza mumewe jioni ileile, akiwa amesimama. Mume hakupaza sauti, bora angepaza. Alisema kwamba shahidi lazima abadilishiwe siku na mahali, na kwamba yeye huenda akaondolewa kwenye kamati.

"Siwezi kupiga simu kwa hii wala kwa yako," alisema. "Inabidi niende kwa Mwenyekiti, nyumbani kwake."

Kwake. Hata katika aibu ile neno lilimchoma.

"Utamwambia kwa sauti ipi? Ile ya upole, ya mtihani wangu?"

"Niliona aibu kukuambia wewe," mume alisema. "Insha yako naijua kwa moyo."

Mke akachukua simu yake, akaiweka sufuriani juu ya ile nyingine, akafunika. Kisha akambeba Kasuku. "Nakwenda. Nitasema mwenyewe. Usinisemee."

Walitembea wote watatu mpaka kwa Mwenyekiti. Nyumba ilikuwa ya kawaida, ndoo mlangoni, viatu vya watoto. Aliyefungua alikuwa mfupi kuliko sauti yake, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Jicho la fundi lilimpima kabla ya kusalimia: gauni la nyumbani lilimbana makwapani.

"Karibuni jamani. Kuna nini?"

Baba Kasuku akanyamaza, kama alivyoombwa. Mke akafungua mdomo. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakagoma, na yule mama akangoja, bila haraka, sawa na redioni.

Kasuku akainua kichwa begani.

"Mama anasoma simu ya Baba."