Mlizamu Uliomwagia kwa Khalaf

Mimi si mtu wa simile, na Khalaf analijua hilo tangu tukiwa watoto. Kwa hiyo aliponizibia mlizamu alijua anachokitafuta.

Mlizamu wenyewe ni gogo la mtende lililochongwa katikati. Unatoa maji ya mvua kwenye paa la mama yangu, hapa Birkat al Mauz, na kuyamwaga uani kwa Khalaf, mtoto wa ami yangu, ambaye nyumba yake imeshikana ukuta na yetu. Babu mzaa baba ndiye aliyeuelekeza huko, na njia ya maji huku haigeuzwi kwa sababu mtu kaamka vibaya. Baba alikuwa fundi bati Unguja kabla hatujaja Omani. Aliuvika mlizamu mabamba ya risasi, yale madini laini yanayokunjika kwa mkono, akayapandisha hadi pale paa linapokutana na kikuta cha ukingoni, maji yasipate pa kupenya. Sasa yamechoka, yamepasuka, na udongo wa paa unaozesha boriti zilizo juu ya kitanda cha mama.

Nilimsihi mama tuhamie Nizwa kwa mwanangu mpaka nimalize kazi. Hakutaka. Alishatolewa nyumbani kwake mara moja, kule Unguja, siku ile ya mapinduzi, watu walipopanda juu na kuvunja milango. Alinificha mimi, mtoto wa miaka miwili, ndani ya kapu la nguo, akasukuma kasha nyuma ya mlango. Waliingia hivyo hivyo. Baba yake walimchukua, na hakumwona tena.

"Mie hanitoi mtu tena ndani ya nyumba yangu," aliniambia. Nikamwapia kwamba paa halitamwangukia.

Kazi hiyo baba alinifundisha, basi nikaianza mwenyewe. Nikabandua mabamba mabovu, nikaenda Nizwa kutafuta mapya. Khalaf siku hizi ameifanya nyumba yake kuwa ya wageni. Alikuwa amenitaka niugeuze mlizamu uelekee kichochoroni, maana maji yanawaharibia watalii wake chai ya asubuhi, nami nikamjibu maneno ambayo sitayarudia. Nilipokuwa Nizwa alipanda paani kwetu, akaushindilia saruji.

Niliiona nikiwa nimeshapanda na bamba jipya begani, na wingu limeshashuka kutoka mlima wa Jabal Akhdar. Mvua ya huku hainyeshi, inapiga. Mara maji yakanifika vifundoni, paa likawa birika, na pale nilipobandua mabamba, udongo ukawa unakunywa. Chini ya miguu yangu nikasikia boriti inalia.

Nikachukua mtaimbo. Saruji ilinirudishia kila pigo mpaka kwenye meno. Khalaf akaruka kikuta, akanikamata mkono. Alisema nitauangusha ukuta wake. Nikamwambia mama yuko chini. Akasema ameshamwekea chumba kwake, cha bure, na hiyo ilikuwa kweli, ila mama hataki kukisikia.

"Basi mtoe kwa nguvu, ewe Badria," akasema. "Mbebe umtoe, khalas, yaishe."

Kwa nguvu. Damu ikanipanda kichwani. Nilimpiga kwa mtaimbo chini ya kiwiko na nikausikia mfupa. Naye akanitandika ngumi ya mdomo kwa mkono mzima, jino likaniingia ulimini, tukaanguka wote majini. Akanikanyaga vidole. Nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, nikapapiga kwa goti pahala pale palipovunjika, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mwanamume. Nilifurahi, sifichi. Nilitamani apige mwingine.

Mlizamu nikauacha. Nikakigeukia kikuta cha upande wake, nikakipiga na kukipiga mpaka kikafunguka, na maji yakatoka na mawe na udongo, yakaipasua turubai yake, yakazoa meza na viti. Wageni walikimbia uani miguu mitupu. Paa likapumua. Nikalaza bamba la risasi pale palipokuwa wazi, nikaligandamiza kwa mawe, na boriti zikanyamaza.

Mvua ilipopungua Khalaf alikuwa amekaa, kaukumbatia mkono, analia kimya kimya. Kwake hakuweza tena kuruka, nikamshusha kwa ngazi yetu. Nilishuka naringa. Mdomo umejaa damu, mtaimbo mkononi, na hamu yangu moja tu: kumwambia mama kwamba paa limesimama.

Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Nikausukuma, ukagoma. Kulikuwa na kasha nyuma yake. Mama hajatembea bila kushikwa tangu Ramadhani. Nikagonga, na sikuangalia kwamba nagonga kwa mtaimbo.

"Chukueni mnachotaka, wanangu," alisema kwa ndani. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, yenye adabu, ya mtu anayebembeleza. "Baba yangu mzee. Msimpige."

Khalaf alitamka jina la Mungu nyuma yangu.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Ni Badria."



"Badria hayupo," akajibu. "Humu hamna mtoto."

Kisha nikasikia anamnyamazisha mtu kwa kunong'ona, na kifuniko cha kapu kikifungwa.