Mkwe Aliyepima Presha ya Mafuta

Cyprien Akilimali alikuwa na ulimi mbaya kuliko mafundi wote wa Kadutu, mjini Bukavu, na watu walimfuata kwa ajili ya ulimi huohuo. Ukimpelekea injini yako hakukubembeleza. Alimwambia mwenye lori, mbele ya wapita njia, kwamba lori lake lilikufa zamani na kilichobaki ni yeye kukubali msiba. Wateja walinuna, wakaondoka, kisha wakarudi vichwa chini, kwa sababu alichokisema ndicho kilichotokea. Kwenye dizeli alikuwa hodari, hata waliomchukia hawakubisha.

Kwa bahati mbaya alipenda. Alimpenda Noëlla, binti wa maabara katika hospitali moja mjini, ambaye kazi yake ni kuwasomea watu majibu ya vipimo: huyu malaria, huyu sukari, huyu mjamzito ingawa alikuja kwa ajili ya kikohozi. Noëlla naye alimpenda kwa jambo lilelile lililowakera wengine. "Weye unasemaka mambo vile iko," alimwambia siku moja, na fundi akatembea juma zima kifua mbele.

Kilichobaki ni baba. Papa Benoît, mfanyabiashara wa saruji, alikuwa mtu wa desturi, hasa zile zinazomwacha yeye peke yake akizungumza. Nyumbani kwake, mwanamume aliyekwisha kupeleka kinywaji cha posa hasemezani na baba mkwe mpaka ng'ombe wa mahari wapokelewe. Anakaa kwa adabu, macho kwenye viatu, na msemaji wake anamsemea. Msemaji wa Cyprien alikuwa mjomba wake, Tonton Jean-de-Dieu, katekista mstaafu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufikisha habari mbaya ikiwa nzima. Alipotumwa kupeleka taarifa ya kifo, alimwambia mjane kwamba mumewe amechelewa kidogo njiani.

Basi Papa Benoît akaingiwa na tamaa ya pelleteuse. Watu wa Bukavu wanachonga viwanja mlimani kwa majembe, naye akaona atawachongea kwa mashine yenye mkono mrefu na ndoo ya chuma, na jina lake liandikwe ubavuni kwa rangi. Dalali mmoja, David, alikuwa nayo moja ya mtumba, iliyotoka kuchimba mifereji ya mpunga huko Luberizi. Ukimsikiliza David, ilikuwa ya padri mmoja mzungu aliyeiendesha polepole na hakuigusa Jumapili. Ilikuwa na kasoro ndogo tu: injini ikipata moto, taa nyekundu ya presha ya mafuta inawaka.

"Ni capteur," alisema David, akimaanisha kile kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachohisi presha na kuipasha taa habari. "Capteur inazoeaka kubeya bongo. Munabadirisha, inaisha."

Tumtendee haki: hakusema upuuzi. Capteur za mashine kuukuu hudanganya kweli, waya huchubuka, maji huingia, na taa huwaka injini ikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana Mungu aliumba mafundi. Papa Benoît akaagiza mkwe aje kuipima mbele ya ukoo. Viti vya plastiki vikapangwa uani, kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, ikamiminwa, utadhani mashine ndiyo inayoposwa.

Cyprien aliifanya kazi yake vizuri, hilo lisisahaulike. Alichomoa kijiti cha mafuta, akayapima kati ya vidole, akakuta mazito kama asali. Mtu alikuwa ameyazidisha uzito makusudi ili injini ichangamke machoni pa wanunuzi. Akakagua waya, haukuchubuka popote. Akafungua capteur, na kwenye tundu lake akafunga kipimo chake cha mshale, ambacho hakina umeme wala taa, kinasukumwa na mafuta yenyewe. Injini ikawashwa. Mshale ukapanda kwa maringo na David akapiga makofi, lakini Cyprien hakusogea, kwa sababu asubuhi mafuta yakiwa baridi kila injini iliyochakaa hujifanya kigori. Akamwamuru dereva aliyeileta mashine achimbe nyuma ya nyumba mpaka injini ichemke. Kisha akaiacha ingurume taratibu, akainama na kutazama. Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala karibu na sifuri, na chini ya tumbo la injini kukasikika kugonga kwa chuma kilicholegea.

Taa ilikuwa ikisema kweli. Capteur ile ndiyo iliyokuwa mwaminifu pekee katika ua ule.

Noëlla alipita na sinia la glasi, akasimama, akatazama kipimo pamoja naye.

"Iko karibu zéro?"

"Karibu kabisa. Moteri imekwisha. Wakiitumikisha, itakamata, haitazunguka tena."

Noëlla akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea majibu ya namna hiyo, akaenda kukaa ili amsikie mchumba wake akiyatoa. Alikuwa na fahari usoni, maskini.

Cyprien akaketi, akamnong'oneza msemaji wake: "Tonton, umwambie asinunue hii kintu. Moteri imekufa. Taa haibeye bongo."

Tonton Jean-de-Dieu akasimama, akavua kofia. "Papa, mukwe wako anakusalimia sana. Anasema moteri iko na myaka, sawa vile siye wote tuko na myaka. Inaomba kuhurumiwa kidogo. Na ile taa, anasema tuiangalie na uvumilivu."

"Njo kusema ni capteur?" akauliza Papa Benoît.

"Hapana," Cyprien akanong'ona, akivuta shati la mjomba. "Capteur iko muzima."

"Mambo ya capteur haiwezi kukosa, Papa," akasema Tonton.

Cyprien aliyasikia yote wazi. Matusi yote ambayo Cyprien alikuwa ameyatupia malori ya Kadutu yalimpanda kooni na kujipanga hapo, tayari. Akainua macho, akauona uso wa mzee ukimeremeta kwa furaha, akaifikiria harusi, akaogopa kwamba neno moja lingeitia mchanga. Akarudisha macho kwenye viatu. Ni adabu, alijiambia. Woga nao hukaa mkao huohuo.

"Huyu njo mukwe," akasema Papa Benoît akiwatazama wageni. "Hasemake mingi."

Noëlla aliendelea kumtazama Cyprien mpaka glasi zikakusanywa.

Mashine ikanunuliwa. Capteur mpya ikaletwa, na heshima ya kuifunga akapewa mkwe. Injini ilipopata moto, taa ikawaka vilevile, nyekundu, bila haya. Papa Benoît akakunja uso, akamtuma Tonton amwombe mkwe aitulize. Na fundi yule, aliyekuwa tayari kumfokea hata kanali juu ya chujio chafu, akanyoosha mkono akachomoa waya. Taa ikazimika. Moyoni aliomba jambo dogo tu, kwamba mashine ivumilie mpaka baada ya harusi ndipo ife.

Haikuvumilia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanja cha Nyantende, ambacho Papa Benoît aliwachongea wachumba kama zawadi, ukoo wote ukiwa umesimama kandokando kwenye migomba. Ilichimba vizuri mpaka jua likawa kali. Kisha ikagonga, ikapiga kelele ndefu ya chuma kusagana na chuma, ikanyamaza na ndoo ikiwa juu. Dereva akajaribu ufunguo, hakikuzunguka kitu. Moshi ukapanda taratibu juu ya mahali palipokusudiwa kuwa sebule yao.

"Ni ile capteur ya mupya, Papa," Tonton akawahi. "Haikuwa origine."

Papa Benoît akaikubali habari hiyo mara moja, kwani ilimwacha bila kosa. Akamlaani David, muuza vipuri na njia ya Uvira iliyoileta mashine, kisha akamshika Cyprien begani kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha. "Mukwe wangu, usisikie haya. Weye ulifanya heshima. Tarehe ya ndoa haibadirike."

Na Cyprien, aibu tupu, akapumua kwa furaha. Alikuwa amepona.

Noëlla akavuka udongo uliochimbuliwa, akasimama mbele yake. Kati ya wachumba hakuna desturi inayokataza kusemezana. Baba yake alikuwa hapo karibu, akisikia.

"Cyprien. Ulijua itakufa?"

Jibu lilikuwa neno moja fupi, na aliyeulizwa alikuwa yeye. Cyprien akafungua mdomo. Kisha akageuka, akamtazama Tonton Jean-de-Dieu.

Noëlla akangoja kidogo, labda zaidi ya alivyostahili mtu yule. "Papa," akasema, "muwarudishie kinywaji yabo ya posa." Akashuka kuelekea barabarani, na Tonton akabaki ameshika kofia, akitafuta namna ya kulilainisha neno hilo, asiione.