Hisa Yangu Ni Nguzo Mbili

Timu yetu ya Kianjai haina tajiri. Ni mali ya nyumba nyingi, na kila nyumba ilileta ilichokuwa nacho kikawa ndiyo hisa yake: Kathuri jezi, Mukami neti, mimi nguzo mbili za kuifungia neti hiyo, za mti wa mukima kutoka shambani kwangu. Na kwa kuwa vijana hawakutosha timu mbili, tulichanganya michezo. Kipindi cha kwanza wanacheza soka, cha pili voliboli, wachezaji wale wale, kisha mabao na pointi zinajumlishwa. Watu wa Timau walitucheka sana, halafu wakaomba mechi.

Wiki hiyo ya mechi mwanangu Bundi alianguka mazoezini, midomo ikageuka myeusi. Nesi alisema asikimbie hata kidogo mpaka aonwe na daktari wa moyo huko Embu, Jumatatu. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Kwetu mchezaji hatolewi ila kwa kura ya wenye hisa. Nikaitisha kura, nikainua mkono. Ulikuwa peke yake. Mukami aliangalia viatu vyake.

"Mama Bundi," akasema Kathuri, mwenyekiti wetu, "huyo kijana ni wa timu. Ni wetu sisi wote. Bila yeye hao watu wa Timau watatumaliza."

"Na siku ya kumzaa mlikuwa wapi, nyinyi wote?"

Wakacheka. Bundi mwenyewe aliona haya. "Mami, wachana na hiyo maneno. Niko sawa."

Jumamosi soka ikachezwa. Mpira sikuuona, macho yangu yalikuwa kifuani pake. Akisimama, nami nasimama. Karibu na mwisho wa kipindi aliinama akashika magoti, kisha akageuka upande ili nisimwone uso.

Kipindi kilipoisha vijana walifunga neti. Nikaingia uwanjani, nikakumbatia nguzo ya kwanza na kuanza kuitikisa.

"Mama Bundi! Unafanya nini?" Kathuri akapaza sauti.

"Nachukua hisa yangu. Hii haina kura."

Nguzo hiyo niliichimbia mwenyewe, na sasa ilikataa kutoka. Nikavuta huku nalia, uwanja mzima ukinizomea. Ndipo Mukami akaja, akaanza kufungua neti yake.

Jumatatu tulikwenda Embu. Kwa hasira, Bundi hakunisemesha njia nzima. Nilikaa karibu naye, nikimsikiliza akipumua.