Sauti ya Pili Katika Swali la Kumi na Nne

Darasani walimwita Kifutio, maana hakuna jibu aliloandika mara moja akaliacha. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikapauka na pengine ikatoboka. Wenzake walimtania kwamba siku akisikia nyambizi ya adui, ataifuta.

Kazi tuliyowafundisha ni ya kusikiliza. Meli ya kivita ina mitambo ya sona inayonasa sauti chini ya maji, na mtu mmoja hukaa na hedifoni kichwani akieleza kinachopita huko nje: meli ya mizigo, mashua ya uvuvi, nyangumi, mvua. Aliyeiva husikia rafadha ikizunguka nyuma ya meli akakuambia ina mapanga mangapi, kama vile wewe unavyomjua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na rekodi ishirini za dakika sita sita. Maagizo yalikuwa mafupi: andika kila sauti unayoitambua. Ukiongeza sauti isiyokuwepo, unakosa alama ya swali zima, kwa sababu baharini taarifa ya uongo hugharimu kama kukaa kimya. Kufaulu ni kumi na sita. Kifutio alikuwa ameanguka mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka, anarudi stoo kukunja mablanketi, na mlango wa sona unafungwa kwake moja kwa moja.

Matokeo yalitakiwa yabandikwe saa kumi jioni. Saa nne asubuhi nilimaliza karatasi yake. Kumi na tano.

Nilirudi kwenye swali la kumi na nne. Majibu sahihi yalisema: meli ya mizigo, mapanga manne. Yeye aliandika hivyo hivyo, kisha chini yake akaongeza: "Mashine. Karibu sana. Haisogei. Inaanza dakika ya pili, inazima dakika ya nne."

Majibu yale niliyatunga mimi, miaka tisa iliyopita. Nilikwisha kumwekea alama ya kosa kwa penseli, kwa kuwa kalamu ya wino huishika mwisho kabisa. Ndipo nilipoona jambo lililonizuia: mstari ule haukuwa umefutwa. Karatasi nzima ilikuwa imechakaa kwa kufutwa, ila pale pamekaa safi, herufi zimesimama wima.

Nikavaa hedifoni. Nikasikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Meli ya mizigo, mapanga manne. Basi.

Nikaenda kwa Kamanda, mkuu wa chuo. Alikuwa anachonga penseli juu ya kikapu cha taka.

"Mwalimu, sura hiyo ya nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Afande. Kifutio kasikia sauti mbili kwenye namba kumi na nne."

"Wewe umesikia ngapi?"

"Moja."

"Mimi nilisikia moja. Watu zaidi ya mia wamepita hapo wakasikia moja." Akapuliza vumbi la penseli. "Huyu si ndiye aliyekosa safari?"

Ndiye. Wenzake walikaa baharini mwezi mzima, yeye yuko hospitali kapasuliwa kidole tumbo.

"Basi masikio yake bado mabichi," Kamanda alisema. "Namhurumia, binti wa watu, ila huruma haina safu kwenye fomu. Saa kumi, Mwalimu."

Nikaichukua karatasi, nikatoka.

Mchana nilikwenda nyumbani, hatua mia mbili kutoka chuoni. Mke wangu alipakua, nami nikakaa mezani nikitazama sahani.

"Leo unasikiliza nini tena, baba watoto? Chakula hakisemi."

Nikamweleza. Akacheka, akaelekeza mwiko kwenye kona ya jiko.

"Na lile je?"

"Lipi?"

"Friji, baba. Linanguruma tangu umeingia."

Nikatega sikio. Ulipita muda ambao naona haya kuutaja, kisha ngurumo ikajitokeza, nzito, wazi, kana kwamba imewashwa sasa hivi.

"Linanguruma hivi kila siku?"

"Tangu tulinunue. Mama aliposhinda hapa aliuliza kama tuna kinu cha kusaga."

Niliacha chakula nusu. Nyuma yangu nilimsikia akisema, "Haya, friji limeninyang'anya mume."

Tulikuwa na kanuni tuliyowapa wanafunzi siku ya kwanza: ondoa kelele za kwako kwanza. Meli yako ina pampu, jenereta, viatu vya wapishi. Mwezi mmoja baharini na sikio linajifunza kuzitupa zote lenyewe, usijue hata kwamba umetupa. Mimi nilikuwa nimezitupa kwa miaka ishirini.

Chuoni niliipitisha rekodi kwenye kichujio, nikapunguza sauti za meli ya mizigo, nikatazama kioo cha mtambo badala ya kusikiliza. Mstari mwembamba kama uzi ulijichora dakika ya pili, ukakatika dakika ya nne.

Nikampigia simu mstaafu mmoja aliyekuwa fundi mitambo wa meli iliyorekodi sauti zile. Tulimwita Mafuta, kwa sababu hata sare ya gwaride ilikuwa na doa.

"Mafuta, meli yenu ilikuwa na mashine gani inayowaka dakika mbili tatu kisha inazima?"

"Hujambo kwanza!"

"Sijambo. Mashine gani?"

"Friji la nyama, ndugu yangu! Kompresa yake iliachia bolti moja, ikawa inatetemesha sakafu. Niliandika barua tatu iondolewe. Wakanijibu mabaharia hawajalalamika."

"Hawakulalamika?"

"Wangelalamikaje? Walishaizoea. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka ikizima."

Saa tisa na nusu tulikuwa watatu ofisini kwa Kamanda. Kifutio alisimama wima, macho kwenye ukuta, mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia ameitiwa nini, na nadhani alikuwa tayari yuko stoo moyoni.

Kamanda alivaa hedifoni, akasikiliza namba kumi na nne huku uso umekunjamana.

"Sisikii kitu."

"Mwonyeshe," nikamwambia Kifutio. "Gonga meza inapoanza."

Rekodi ikarudishwa mwanzo. Kifutio alivaa hedifoni ya pili, akafumba macho. Dakika ya pili kidole chake kikagonga mara moja. Kamanda akatikisa kichwa. Tukaendelea kungoja. Dakika ya nne kidole kikagonga tena, na hapo Kamanda akashtuka, akashika kingo za meza.

"Imezima," alisema. "Kumbe ilikuwapo. Nimeisikia ilipoondoka."

Akarudisha tena, na safari hii akainua mkono yeye mwenyewe. Kisha akavua hedifoni, akamgeukia Kifutio.

"Ulijuaje si meli nyingine?"

"Ile ya mizigo inapita, Afande, sauti inakua halafu inapungua. Hii haikui wala haipungui. Iko nasi."

"Kama iko nasi, si ulifundishwa kuitupa?"

"Nilifundishwa. Lakini karatasi ilisema kila sauti. Na nilifikiri, Afande... kama mimi naisikia kwenye mtambo wetu, aliye nje naye anaisikia."

Nikawaeleza aliyoniambia Mafuta: ni friji la nyama la meli iliyorekodi. Kamanda alikuwa amewahi kuongoza meli ile ile miaka mitatu, kitanda chake sitaha moja juu ya jiko. Nilimwona akihesabu jambo kichwani, na halikuwa alama za mtihani.

"Tungeweza kulifuta swali lenyewe," alisema polepole. "Yabaki kumi na tisa."

"Kumi na tano kwa kumi na tisa bado haifiki asilimia themanini, Afande. Anaanguka kwa unywele. Na swali halina kosa. Kosa liko kwenye majibu, na majibu ni yangu."

Nikachukua kalamu ya wino. Kwenye majibu sahihi nikaongeza mstari wa pili, nikaunakili kama alivyouandika yeye, nikatia tarehe na sahihi. Kisha kwenye karatasi yake nikafuta alama ya penseli nikaandika kumi na sita. Kamanda akavuta karatasi, akasoma pande zote mbili, akasaini.

"Umefaulu," alimwambia. "Pumua."

Alipumua kwa kishindo hata akaona aibu. Kamanda hakucheka. Alikuwa amekwisha kuvaa hedifoni kwenye sikio moja tu.

"Friji lile lilikuwa linasikika umbali gani?"

"Sijui, Afande," Kifutio alisema. Akasogea hatua moja kuelekea mezani bila kuamriwa. "Lakini zingekuwapo rekodi za sona za meli nyingine iliyokuwa jirani siku ile, tungepima."

Kamanda akanitazama. Nikamwambia zipo, kabati la tatu, na nikaenda kutafuta ufunguo.