Kamati ya Kupokea Kichupa

"Upo unga humo ndani, mzee wangu. Ni kidogo mno, hauonekani kwa macho."

Emiliana alikuwa amelisema jambo hilo mpaka koo likamkauka. Mzee Optatus, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ya chuo, alikiinua tena kichupa kwenye mwanga wa dirisha la stoo. Akakipindua, akampa Anitha wa idara ya majengo. Anitha akakikodolea macho, akachukua andazi.

"Binti yangu," akasema Optatus, "sisi tunapokea kinachoonekana. Hiki ni kitupu."

Ee Mungu wangu! Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: hakuna kitu kinachotoka stoo mpaka wanakamati watatu wakione, wakikague na kutia saini. Kwa viti na rimu za karatasi, utaratibu mzuri kabisa. Lakini Emiliana, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa ameagiza protini ya binadamu ambayo haikutoka kwa binadamu yeyote. Walioitengeneza ni bakteria waliopandikizwa kipande cha vinasaba vya mtu, kisha ikasafishwa na kukaushwa. Kilichobaki hakifiki punje moja ya chumvi. Watu wa maabara wanajua kwamba kichupa chake huonekana kitupu. Kamati haikuwa ya watu wa maabara.

"Halafu imeandikwa ni ya utafiti tu, si ya kutibia mtu," Anitha akasoma. "Mbona unatuingiza matatani?"

"Simtibu mtu, dada Anitha. Nalisha seli."

Na seli zenyewe zilikuwa zinakufa njaa. Zilitoka kwenye damu ya wafugaji wa Gulwe, waliowahi kuugua ule ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, unaompata mtu kwa kunywa maziwa mabichi. Emiliana alitaka kuona jinsi zinavyopambana na vimelea vyake, na bila protini ile haziishi. Kuipata damu yenyewe ilikuwa kazi. Mzee Yoramu, ambaye homa ile ilimlaza msimu mzima wa kulima, alikubali kwa shingo upande, na wenzake wakakubali kwa sababu yake. "Lakini isije ikamwagwa," alisema. Emiliana akaapa. Sasa mzigo ulikuwa stoo tangu Jumatatu kwa sababu Anitha alikuwa msibani na kamati haiketi bila watu watatu.

"Naomba basi nikipeleke maabara, nikizungushe kwenye mashine, unga ushuke chini. Kisha nitakifungua mbele yenu. Kisifunguliwe hivi hivi, tafadhali."

Mwanakamati wa tatu alikuwa Cornel wa uhasibu. Mwaka jana ndiye aliyetia saini kupokea maboksi ya wino wa mashine za kuchapia, na yalipofunguliwa yalikuwa matupu. Wakaguzi walimwandama hadi akakonda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nipeni," akasema.

Emiliana alidhani anataka kusoma lebo. Cornel akakizungusha kifuniko, akakipindua kichupa juu ya meza, akakigonga mara kadhaa kama mtu anayemalizia chumvi, kisha akapuliza ndani.

"Mnaona? Hamna kitu!"

"Umefanya nini?" Emiliana alipiga kelele hadi mlinzi akachungulia. "Umefanya nini wewe? Nimekuomba! Nimekuomba kwa lugha gani nyingine?"

Heshima ilimtoka, na hakuitafuta. Alimpokonya kichupa, akatoka mbio bila kuaga. Maabara alikisuuza kwa maji yake maalumu, akazimwagia seli chochote kilichosalia, akakaa pale akizitazama kwa hadubini na kulia kwa hasira. Kufika Ijumaa zilikuwa zimenyauka zote. Alizimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

Kuagiza kichupa kingine kungechukua miezi. Jambo hilo lilimuudhi, lakini halikumtisha. Lililomtisha ni simu ya Gulwe, na aliiahirisha mpaka akajionea aibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Damu yetu inasemaje?"

Alimwambia yote, kamati, unga usioonekana, Cornel na pumzi zake. Hakujitetea. Upande wa pili zilisikika kengele za mbuzi, kisha Yoramu akaguna.

"Kwa hiyo imemwagwa."

"Imemwagwa, mzee. Nisamehe. Na ninaomba tena."

"Huyo aliyepuliza, ana damu?"

"Anayo, mzee."

"Basi mje naye. Atangulie yeye kukaa kwenye kiti, sisi tumtazame. Akishatolewa, nasi tutatoa."

Jumatatu asubuhi Emiliana aliingia uhasibu. Cornel alinyanyua macho, akaanza kusema kwamba yeye alifuata utaratibu. Emiliana alimuuliza tu kama amekunywa chai, maana safari ya Gulwe ni ndefu, na mtu hatolewi damu akiwa na njaa.